Chungu Kina Kabila, Hakina Mfinyanzi

Hotuba hii niliitoa Siku ya Makumbusho Duniani, tarehe 18 Mei, mbele ya wahifadhi, wanafunzi wa sanaa na akina mama wafinyanzi. Waliokosa kufika wameiomba. Naiweka yote, bila zile picha za ukutani.

Mheshimiwa mwenyekiti, wahifadhi wenzangu, walimu na wanafunzi wa sanaa. Na ninyi mama zangu wafinyanzi mliosafiri usiku kucha mkiwa mmepakata vyungu kwenye basi, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi.

Nimepewa mada: wanawake wasanii katika makumbusho. Aliyenialika aliniambia, "Uje utueleze kwa nini hawamo." Nimekuja kumbishia. Wamo. Wamejaa tele. Nenda kwenye ghala la makumbusho yoyote ya Afrika Mashariki, fungua kabati, vuta droo. Utakuta nini? Vyungu, mitungi, mikeka ya ukili, vikapu, vipepeo vya kupepea moto, kofia zilizotobolewa kwa sindano, mikufu ya shanga. Mikono ya nani hiyo? Kwa sehemu kubwa ni mikono ya wanawake. Kama tungewatoa wanawake kwenye maghala yetu leo mchana, jioni tungebaki na rafu tupu na mikuki.

Wao wamo. Kisichomo ni majina yao.

Kadi ya kawaida inasemaje? Chungu cha kupikia. Kabila: Wakisi. Mahali: ufuko wa Ziwa Nyasa. Mwaka. Na chini kabisa: kimekusanywa na Bwana Fulani. Naomba nirudie mstari wa mwisho, maana ndugu zangu ndio unaoniuma. Kimekusanywa na Bwana Fulani. Yaani aliyekinunua kwa senti chache, akakifunga kwenye majani makavu na kukipakia kwenye gari, huyo ana jina, ana cheo, wakati mwingine ana hata herufi za kwanza za jina la babu yake. Aliyechimba udongo, akauponda, akaukanda, akakifinyanga, akakipamba na kukichoma, huyo ni "Wakisi". Watu wote wa pwani ile wamekifinyanga kwa pamoja, chungu kimoja!

Kwa nini? Najua majibu ya haraka: ukoloni, mfumo dume. Siyakatai. Lakini mimi ni mtu wa madaftari, napenda kujua daftari lenyewe lilichorwaje. Makumbusho ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe. Mabwana wale walikuwa wakikusanya ndege, vipepeo, wadudu na mimea. Kadi ya ndege inataka nini? Aina yake, mahali alipopatikana, tarehe, na mtu aliyemkamata. Haina mstari wa aliyemtengeneza, na haiuhitaji. Sasa itazame kadi ya chungu. Ni kadi ya ndege! Kabila limekaa mahali pa aina. Mahali ni palepale, tarehe ni ileile, mkusanyaji ni yuleyule. Mama aliyekifinyanga amekosa pa kukaa, kana kwamba chungu kiliota chenyewe ufukweni kama uyoga.

Na msiniambie kwamba watu wa enzi hizo hawakujali majina. Makumbusho hayohayo ya Nairobi yakaja kuitwa kwa jina la gavana, Coryndon. Haya yetu ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yakapewa jina la Mfalme George wa Tano. Majina yalikuwepo. Wino ulikuwepo.

Naona kaka mmoja pale nyuma anataka kunyanyua mkono. Najua atakalosema: hata wachongaji wanaume hawakuandikwa. Kweli kabisa. Vinyago vingi vya zamani vya Kimakonde vimelala ghalani bila jina la aliyevichonga. Lakini angalieni kilichofuata. Biashara ya vinyago ilipokua, wanunuzi wakaanza kuuliza, "Hiki kachonga nani?" Leo tunamjua Samaki Likankoa, aliyeanzisha mtindo wa vinyago vya shetani. Tunamjua George Lilanga, kazi zake zimezunguka dunia. Vizuri, na wastahili. Sasa kwa Wamakonde haohao, wanaofinyanga ni wanawake. Nitajieni mfinyanzi mmoja wa Kimakonde. Mmoja tu.

Nasubiri.

Mnaona? Mti ulitoka kwenye ghala la "vitu vya jadi" ukaingia kwenye ukumbi wa sanaa. Udongo ukaachwa jikoni. Uamuzi huo haukutokana na ugumu wa kazi, wala uzuri wake. Ulitokana na nani alikuwa anauliza, na aliuliza kuhusu nini.

Nihamie Unguja kidogo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba. Kabla hajawa yule Siti tunayemjua, alikuwa muuza vyungu. Mama yake alikuwa mfinyanzi, mtoto akibeba vyungu kwenda kuvinadi, na watu husema sauti yake ilianza kusikika humo, katika kunadi. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Santuri ile ina karatasi ya duara katikati, na kwenye karatasi ile mna jina la mwimbaji. Ndiyo maana karibu miaka mia baadaye tunaweza kusema: huyu ni Siti, huu ni mwaka, hii ni sauti yake. Sasa fikirini nyumba hiyo moja, mama na binti. Wote wawili wasanii. Kazi ya binti ilitoka kiwandani na jina lake. Kazi ya mama ilitoka tanuruni bila jina, ikaenda kwenye mafiga ya watu. Inawezekana kabisa kwamba chungu kimoja cha mama huyo kiko kwenye kabati fulani duniani hivi sasa, kimeandikwa "Chungu, Zanzibar". Nani atajua?

Alama ndogo tu, ndugu zangu. Herufi mbili. Nitawaeleza herufi mbili zinaweza kufanya nini, na kwa hilo nitawapeleka mbali, hadi Uholanzi ya miaka ya 1600.

Katika mji wa Haarlem alikuwepo mchoraji anaitwa Judith Leyster. Alizaliwa 1609, na kufikia mwaka 1633 alikuwa amepokewa katika chama cha wachoraji wa mji, jambo ambalo wanawake wachache sana walilipata. Alikuwa na karakana yake na wanafunzi wake. Alipofariki mwaka 1660, jina likafa naye. Kazi zake zikagawanywa: nyingine akapewa mumewe, aliyekuwa mchoraji pia, nyingine akapewa Frans Hals, bingwa wa mji huohuo. Zaidi ya miaka 200! Watu wanasimama mbele ya michoro yake wakimsifu mwanamume. Mpaka mwaka 1893, mchoro mmoja uliokuwa umeuzwa kama kazi ya Hals ukachunguzwa vizuri, na hapo ikaonekana alama: J na L zimeshikana, na nyota pembeni. Mchoro huo leo uko Louvre, Paris.

Mnadhani walishangilia? Walipelekana mahakamani. Aliyenunua alilalamika kwamba amepunjwa. Mchoro ni uleule, rangi zilezile, wale watu wawili wanaokunywa na kupiga fidla wanacheka vilevile kama jana. Kilichobadilika ni jina, na bei ikashuka. Kila ninapoisimulia habari hii nacheka, halafu nakasirika.

Lakini J na L ndizo zilizomrudisha. Walipojua alama, wakaanza kuitafuta kwingine, wakaipata kwenye mchoro huu, wakaipata kwenye ule. Makumbusho yakalazimika kubadilisha vibao ukutani.

Turudi Afrika. Nigeria, miaka ya 1950. Ladi Kwali alikuwa amefundishwa kufinyanga na shangazi yake kijijini Kwali, na mitungi yake ilikuwa mizuri kiasi kwamba amiri wa Abuja alikuwa nayo kwenye kasri lake. Huko ndiko Mwingereza mmoja mfinyanzi, Michael Cardew, alikoiona. Cardew alikuwa ameanzisha kituo cha kufundisha ufinyanzi Abuja, Abuja ya zamani, ambayo leo ni Suleja. Mwaka 1954 Ladi Kwali akajiunga, mwanamke wa kwanza pale. Aliendelea kufinyanga kwa mikono kama alivyofundishwa na shangazi, akizunguka mtungi badala ya mtungi kuzunguka. Kituo kile kilikuwa na utaratibu mmoja: kila mfinyanzi na muhuri wake. Wake ulikuwa LK.

LK. Leo mtungi wake ukitokea kwenye nyumba ya mnada London, hakuna wa kubabaisha kwamba ni "Chungu, Wagwari". Mama huyu yuko nyuma ya noti ya naira 20 ya Nigeria. Mfinyanzi, kwenye hela! Sisi huku kwenye hela zetu tunaweka tembo.

Ila nami nauliza: na yule shangazi? Mitungi ya shangazi ilikuwa na muhuri gani?

Sasa sikilizeni hili, maana hapa habari inafika nyumbani. Katikati ya miaka ya 1970, binti mmoja Mkenya aliyekuwa akisoma Uingereza alikwenda Abuja kujifunza. Huko akawakuta Ladi Kwali na akina mama wenzake, akakaa nao, akaiangalia mikono yao. Binti huyo ni Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi. Tangu hapo hatumii gurudumu la kufinyangia. Anaujenga udongo kwa mkono, anaukwangua, anaupaka tope laini, anausugua mpaka ung'ae, anachoma: ukichomwa kwa hewa ya kutosha unatoka mwekundu, ukinyimwa hewa unatoka mweusi. Mama zangu mlioko hapa mbele, kuna jipya hapo? Naona mnatikisa vichwa. Hakuna jipya. Ni kazi mnayoijua.

Vyungu vya Odundo vimo British Museum, vimo kwenye makumbusho makubwa ya Marekani. Vimeuzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya pauni. Mwaka 2020 Malkia wa Uingereza akampa heshima ya kuitwa Dame, kama wanaume wanavyoitwa Sir. Sisemi kwamba kila chungu ni sawa na cha Odundo. Nimekaa mbele ya kazi zake na najua mkono mkubwa ninapouona. Ninachosema ni kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiwataja waliomfundisha, na dunia imesikia jina moja.

Jambo hili si la udongo peke yake. Kule Kasai, Kongo, Wakuba wana vitambaa vya nyuzi za mwale vyenye michoro ya pembepembe inayokaribia kutembea. Wanaume hufuma kitambaa, wanawake hukitarizi. Yale maua, ile hesabu ya mistari inayokatika pale usipotegemea, ni kazi ya wanawake. Henri Matisse, mchoraji mkubwa wa Ufaransa, alivikusanya, akavitundika ukutani alikofanyia kazi na kuvitazama miaka mingi. Matisse ana chumba chake karibu kila jengo kubwa la sanaa. Waliotarizi wana neno "Kuba". Na hata kanga tulizojifunga leo, someni pindoni mtakuta jina la mfanyabiashara. Basi tuendelee.

Nimezungumzia sana wasioandikwa. Lakini wapo waliosoma, waliokuwa na vyeti, majina yao yanajulikana, na bado makumbusho yakawapita. Hapa nataka nikae kidogo na Mama Rosemary Karuga.

Alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928. Kuanzia 1950 hadi 1952 alisoma sanaa Makerere, mwanamke wa kwanza kusoma kwenye shule ile. Shule yenyewe, na hili watu husahau, ilianzishwa na mwanamke, Margaret Trowell, Mwingereza aliyewahi pia kuwa mhifadhi wa Makumbusho ya Uganda. Sasa binti huyu amehitimu, ana kipaji, ana mafunzo. Nini kikafuata? Akarudi Kenya. Akaolewa, akalea watoto, akafundisha shule. Mwaka ukapita, muongo ukapita, mwingine ukapita. Wenzake wanaume waliosoma Makerere walikuwa wanachora kuta za makanisa, wanafungua majumba ya sanaa, wanaandikwa magazetini. Yeye alikuwa anasahihisha madaftari.

Sidharau ualimu, mimi mwenyewe nimelelewa na mwalimu. Lakini tujiulize: miaka 35 ya msanii wa kwanza mwanamke wa Makerere ilikwenda wapi?

Alirudi kwenye sanaa kwenye miaka ya 1980, alipoacha kazi. Mwaka 1987 alikaa Paa ya Paa, jumba la sanaa la Nairobi, kwa mchoraji Elimo Njau, Mtanzania mwenzetu wa Kilimanjaro. Na kwa kuwa rangi za mafuta ni ghali, alifanya kwa kile alichokuwa nacho: karatasi za sabuni, makaratasi ya mafuta ya kupikia, kurasa za magazeti. Anachana vipande vidogovidogo, anavibandika, na humo anatokea kuku, anatokea twiga, wanatokea wanawake wamekaa wanapiga soga. Ukisogea karibu unaona herufi za sabuni kwenye bawa la kuku. Mwaka 1990 kazi hizo zikaonyeshwa Studio Museum ya Harlem, New York, katika maonyesho ya wasanii wa kisasa wa Afrika. Wasanii walikuwa kadhaa, mwanamke alikuwa yeye peke yake. Ana miaka 62! Alifariki mwaka 2021.

Wahifadhi wenzangu, funzo la kikazi hapa ni hili: tukikaa kusubiri wanawake waje na wasifu ulionyooka, maonyesho kila mwaka bila pengo, tutawakosa. Pengo la miaka 35 kwenye wasifu wa mwanamke ni maisha yake. Mtafute alichofanya kabla ya pengo, mtafute anachofanya baada yake. Na mwende wakiwa hai.

Na hayo makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani tunayoyaiga, yenyewe yako wapi? Mwaka 1989 kundi la wanawake wasanii wa New York, Guerrilla Girls, liliingia Metropolitan Museum kuhesabu. Kwenye vyumba vya sanaa ya kisasa, wasanii wanawake hawakufika asilimia 5. Lakini kati ya picha za watu walio uchi, asilimia 85 zilikuwa za wanawake. Wakauliza kwa bango kubwa, ambalo lilibandikwa hata kwenye mabasi: je, ni lazima mwanamke avue nguo ndipo aingie Metropolitan? Mwaka 2012 wakahesabu tena. Wasanii wanawake: chini ya asilimia 4. Walio uchi: asilimia 76. Maendeleo hayo, kwa wanaume kuvuliwa nguo! Na mjue kwamba wanawake wale huvaa vinyago vya sokwe na kujiita kwa majina ya wasanii wanawake waliokwisha kufariki. Wanaficha yao ili ya wenzao yatajwe.

Jengo hilohilo la Metropolitan, mbele yake lina vishubaka vinne vya kuweka sanamu. Ukuta ule ulikamilika mwaka 1902 na vishubaka vikabaki vitupu. Mwaka 2019 vikajazwa kwa mara ya kwanza, na aliyevijaza ni Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Wanawake wanne wa shaba, wameketi, wamevikwa mizunguko ya shaba kutoka shingoni hadi chini. Hakuna aliye uchi. Nilifurahi, nani asingefurahi? Ila tusilewe. Kuonyeshwa ni jambo moja, kununuliwa na kuandikwa kwenye daftari la mali ya kudumu ni jambo jingine. Maonyesho hufungwa. Mkurugenzi akitaka kujua makumbusho yake yanawathamini wanawake kiasi gani, asihesabu mabango ya Machi 8. Ahesabu risiti za manunuzi.

Sasa kwetu. Nina maombi machache, na hakuna linalohitaji mfadhili kutoka nje.

Kwanza, kadi. Tuongeze mstari: aliyekitengeneza. Na pale jina lisipopatikana tusiache nafasi wazi. Tuandike, "Mfinyanzi mwanamke, jina lake halikuandikwa na mkusanyaji." Mgeni akisoma hivyo ajue nani alizembea.

Pili, tukinunua leo tusirudie ya jana. Soko la Lyulilo pale karibu na Matema, mitumbwi inaleta vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe, na mwenye chungu mara nyingi amesimama nacho palepale. Muulize jina lake na jina la aliyemfundisha, umrekodi sauti akieleza udongo ule ameutoa wapi. Simu uliyonayo mfukoni inatosha. Ila muulize pia kama anataka jina lake litajwe. Wapo wasiotaka, na hiyo ni haki yao.

Tatu, vya zamani. Tuvipige picha, turudi nazo vijijini. Wafinyanzi hutambuana kwa mkono, kwa namna mdomo wa chungu ulivyokunjwa. Mama zangu hapa watanisahihisha kama nasema uongo. Hatutapata majina yote. Tukipata kumi, hayo ni kumi ambayo hatukuwa nayo.

Na ninyi vijana, nyumbani kuna mkeka wa bibi. Kuna kofia aliyoishona. Andikeni nyuma ya picha: kazi ya bibi fulani binti fulani, wa mahali fulani. Makumbusho huanza na mtu aliyeandika.

Nina mengi lakini mwenyekiti ananitazama. Meza ile ya kushoto ina vyungu vya mama zetu, na kila kimoja leo kina karatasi yenye jina la aliyekifinyanga. Bei mtapatana na wenyewe, na msiombe punguzo kupita kiasi. Maswali yangu baada ya chai.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.